Msichana Aliyezungumza na Picha Ukutani

Banda la video lilikuwa nyuma ya duka la mbolea pale Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka njia panda ya Tukuyu. Kuta za mabanzi, paa la bati, na kila upenyo umezibwa kwa gunia ili mwanga usiingie. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Juni ya Uyole ina baridi ya kuuma meno. Asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, kwa hiyo wapo walioingia mle kutafuta joto tu. Mimi niliingia kwa kumfuata kaka yangu. Ilikuwa mwaka 1998, niko darasa la nne, na sikuwa nimewahi kuangalia picha hata moja toka mwanzo mpaka mwisho.

Siku ile iliwekwa kanda ya Sarafina. Picha yenyewe ilitoka 1992, na kanda tuliyowekewa ilikuwa imechoka, kila mara mistari inapita kwenye kioo kama mvua. Mbele alikaa kijana mmoja ameshika kipaza sauti, anapunguza sauti ya runinga na kututafsiria. Wimbo ukianza ananyamaza, anafungulia sauti mpaka bati linatetema, na sisi tusiojua Kizulu wala Kiingereza tunaimba hivyo hivyo kwa kubahatisha.

Kilichonishika hakikuwa nyimbo. Ni pale mwanzoni, Sarafina mwenyewe, msichana wa Soweto kule Afrika Kusini, yuko nyumbani kwao, na ukutani kuna picha ya Nelson Mandela. Anaongea nayo. Anamweleza mambo yake, anamlalamikia, anamuuliza, kama mtu anavyomweleza mjomba aliyekwenda safari ndefu. Mandela wakati huo wa hadithi yuko gerezani, hawezi kumjibu, na yule binti haonekani kujali kwamba hajibiwi. Anasema tu yaliyomo moyoni mwake, kwa sauti, peke yake ndani ya chumba.

Nikasahau hata baridi.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusifiwa kwa kunyamaza. Wageni wakija nyumbani wanasema, “Huyu mtoto mpole, hata humsikii,” na mama anaitikia, “Ndaga,” yaani asante kwa Kinyakyusa, kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba sikuwa mpole. Nilikuwa naogopa. Kabla ya kusema neno lolote nilikuwa nalipanga kichwani, nalipima, na nikimaliza kulipima watu wameshahamia kwenye jambo jingine. Darasani nilijua majibu mengi ambayo hayakuwahi kutoka mdomoni. Kuuliza ndiyo kabisa: mtoto anayeuliza mtu mzima alihesabiwa kuwa anajibizana naye.

Nyumbani hatukuwa na picha ya Mandela. Tulikuwa na kalenda ya miaka iliyopita ambayo mama hakuitoa ukutani kwa sababu ilikuwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Kesho yake, wenzangu wakiwa kisimani, nikasimama mbele ya ile kalenda. Nilimwamkia kwanza, maana huwezi kumrukia mtu mzima kwa maneno. “Shikamoo, Mwalimu.” Kisha nikamwambia kwamba naogopa kusoma kwa sauti darasani. Ndilo jambo la kwanza nililowahi kumwambia mtu, na mtu huyo alikuwa karatasi.

Niliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Nilimweleza habari za hesabu, za kaka, za mbuzi wetu aliyegongwa na lori la Zambia. Sauti yangu niliizoea pale. Nilijifunza kwamba sentensi inaweza kuanza kabla hujajua itaishia wapi, na haikuui. Tarehe 14 Oktoba 1999 redio ilipotangaza kwamba Mwalimu amefariki huko London, nikaenda kwenye kalenda, nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze sikupata la kusema. Mama akanikuta pale. Hakuuliza kitu. Alinishika bega tukasimama wote wawili tunaiangalia, na nikatambua kwamba siku zote alikuwa akinisikia kutoka jikoni.

Sasa niseme habari za mama, kwa sababu ile picha ya Sarafina ilinifundisha jambo kumhusu ambalo nilichelewa kulitendea kazi, na kuchelewa huko bado kunaniuma.

Mama alikuwa mchuuzi. Basi likisimama Uyole, liwe la Kyela au la Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa wanawake wanaokimbia na beseni kichwani, ndizi mbivu na maparachichi, wananyoosha mikono madirishani. Abiria wanawaita, “We mama! We mama wa ndizi!” Wanatupa hela chini basi likishaanza kuondoka, na mama anainama kuiokota kwenye vumbi huku anacheka na kusema asante. Kile kicheko ndicho nilichokionea haya. Siku moja mwenzangu wa darasani alikuwa ndani ya basi na baba yake. Nikamwona kabla hajaniona, nikajificha nyuma ya kibanda cha soda mpaka basi likaondoka. Mama aliniona nikijificha. Aliendelea kupanga ndizi zake.

Kwenye Sarafina yupo mama wa aina hiyo, anaitwa Angelina, anayefanya kazi za ndani kwa familia ya wazungu, mbali na watoto wake. Binti yake anamwonea haya, anauona unyenyekevu wake kama kushindwa. Mashujaa wa Sarafina ni wale wanaopigana. Halafu yanampata ya kumpata, anakamatwa, anateswa mahabusu, na anapotoka anamwendea mama yake kule kazini. Pale ndipo anamwona kwa mara ya kwanza: mwanamke aliyebeba kila kitu bila kuimbiwa wimbo na mtu yeyote.

Banda zima lilikuwa na kelele wakati wa sehemu hiyo. Wavulana walikuwa wanasubiri askari warudi. Mimi nililia, na sikujua kwa nini nalia.

Wiki ile ile nilimwomba mama aje kuangalia. Wanawake hawakuwa wakiingia mle, lilikuwa banda la vijana na makonda, na nilitegemea akatae. Alikuja jioni, na beseni lake, akakaa benchi la nyuma akalipakata magotini. Angelina alipotokea mara ya kwanza, mama akaninong’oneza, “Huyu si Miriam Makeba? Aliyeimba Malaika kwenye redio?” Ndiye. Mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilimfungia mlango wa kurudi kwao kwa miaka 30, akaimba hata kwa Kiswahili chetu, alirudi nyumbani 1990, na picha hii ilipotengenezwa akapewa sehemu ya mama mtumishi wa ndani. Mama yangu aliyajua hayo kwa mbali, kwa njia ya redio. Aliangalia mpaka mwisho bila kusema neno. Njiani alisema, “Yule mtoto alichelewa kidogo, lakini alikwenda.” Akanyamaza.

Nilitamani niseme pale pale. Giza lilikuwepo, hakuna aliyekuwa anatuona, na maneno yalikuwa machache tu: nisamehe kwa ile siku ya basi. Nilishaweza kuongea na kalenda. Na mtu nisingeweza. Ilinichukua miaka mitano.

Kidato cha kwanza nilianza 2002, shule ya bweni ya wasichana huku huku nyanda za juu. Kwa wasioyajua mambo yetu: shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha unaingia sekondari unakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Januari ile watoto waliokuwa wa kwanza na wa pili katika shule zao waligeuka bubu. Nilikuwa mmojawao, ila mimi ububu nilikuwa nimetoka kuupona, na kurudishwa nyuma namna ile kuliniuma mara mbili. Kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukikamatwa unasema Kiswahili unavalishwa shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwingine. Kwa hiyo tukawa watu wa kuviziana. Marafiki walikuwa wanategana kwa maswali ili mmoja ateleze.

Hapo ndipo Sarafina ilinirudia kwa namna nyingine. Nilipokuwa mdogo niliielewa kuwa ni hadithi ya watoto wanaopambana na askari. Nilipofika kidato cha pili, kwenye somo la historia, nikajua kilichowatoa watoto wa Soweto barabarani tarehe 16 Juni 1976: lugha. Serikali ilikuwa imeamuru mwaka 1974 kwamba hesabu na masomo ya jamii katika shule za Waafrika yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya watawala, ambayo wengi wa wanafunzi hata walimu wao hawakuimudu. Hector Pieterson, aliyepigwa risasi siku hiyo, alikuwa na miaka 12. Ile picha ya Sam Nzima ya mvulana amembeba mwenzake, dada mtu anakimbia pembeni mkono umeinuliwa, ni picha ya watoto waliokataa kufundishwa kwa lugha inayowanyima kuelewa. Na sisi kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, tulikuwa tunapangwa mstari, tunaimba ngonjera, tunapewa soda na biskuti, tunarudi darasani kunyamaza.

Sisemi Kiingereza kwetu ni kama Kiafrikana kilivyokuwa kwao. Hakuna aliyetupiga risasi, na walimu wangu wengi walitutakia mema. Lakini ukimya wa mtoto anayejua jibu na hana maneno ya kulisemea naujua kwa ndani, na nilipoiona sababu ya Soweto niliutambua ule ukimya palepale, kama unavyotambua harufu ya nyumbani.

Kipindi kilikuwa cha biolojia. Mwalimu anafundisha jinsi mmea unavyotengeneza chakula, ubao umejaa maneno marefu, tunanakili. Jambo lenyewe nililijua tangu shule ya msingi: jani, maji, hewa, mwanga wa jua. Kuna kimoja sikukielewa, mmea unafanya nini usiku. Nikanyoosha mkono. Moyo ulikuwa unagonga mpaka masikioni. Nikasimama nikasema, “Mwalimu, naomba kuuliza kwa Kiswahili.”

Darasa likawa kimya kama kaburi. Nikauliza. Mwalimu alinitazama muda mrefu, kisha akamwashiria kiranja, na ubao ukaletwa.

Niliuvaa siku mbili. Sikumtega mtu ili nimvalishe. Nilikaa nao mpaka wao wenyewe wakachoka. Usiku wa kwanza, wakati wa prepu, wasichana wanane walivuta viti wakanizunguka na madaftari yao, wakasema kwa kunong’ona, “Tuambie kwa Kiswahili, ile ya leo.” Nikawaambia yale niliyoyajua. Kipindi kilichofuata mwalimu aliingia, akafunga mlango, akaenda dirishani akatazama nje kidogo. Kisha akanijibu lile swali. Kwa Kiswahili, taratibu, sentensi tano au sita, kwamba mmea nao hupumua usiku na mchana, ila kutengeneza chakula ndiko kunakosubiri jua. Akafungua mlango akaendelea kwa Kiingereza. Hakulizungumzia tena. Namheshimu mwalimu yule mpaka leo, kwa kufunga ule mlango na kwa kuufungua.

Likizo ya mwezi wa sita, mwaka 2003, nilishuka Uyole kwenye basi, nimevaa sare, basi limejaa wanafunzi wenzangu wanaoelekea Tukuyu. Wanawake wakaja mbio na mabeseni. Mama alikuwa dirisha la tatu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, “Yule ndiye mama yangu. Ndizi zake hazina mfano, nunueni.” Waliteremsha vioo. Mama aliuza beseni zima, na alipomaliza akanitazama kwa namna ambayo ilinipasa niseme lililobaki. Nikamwomba radhi pale pale, kwenye moshi wa dizeli. Akaniambia, “Nilishasahau, mwanangu.” Hakuwa amesahau. Alisema hivyo ili nisiendelee kulia mbele za watu.

Kuna sehemu moja ya picha ile ambayo naizungumza kwa uzito. Yupo askari mweusi anaitwa Sabela, anayewatesa wanafunzi, na wanafunzi wanamchoma moto. Banda lote tulishangilia. Niko darasa la nne, nimesimama juu ya benchi, napiga makofi mtu anapoungua. Miaka mingi baadaye, niko mwanafunzi wa chuo, nimerudi Mbeya mjini, nikakutana na umati umemzunguka kijana anayetuhumiwa kuiba simu. Nikasikia sauti zikiulizia tairi. Ule mshangao wa furaha kwenye nyuso za watu niliujua, ulikuwa wa kwetu wa bandani. Nilikuwa mtu wa kujiamini wakati huo, nimeshasimama mbele ya mamia nikazungumza. Sikufungua mdomo. Polisi walifika, kijana akapona, na mimi sina nilichochangia.

Tangu siku hiyo nikiiangalia Sarafina sikai tena upande wa benchi. Ninaiangalia ile sehemu nzima, sigeuzi uso, na naona kwamba waliotengeneza hawakutuomba tushangilie. Tulijiongezea wenyewe. Sauti niliyoifanyia mazoezi mbele ya kalenda ilikuwa ya mtu mmoja, na ndiyo iliyohitajika siku ile mbele ya umati.

Halafu kuna jambo ambalo laiti ningelijua nikiwa na miaka kumi. Nikiwa chuoni Iringa nilisoma kitabu cha maisha ya Mandela, kile kilichotoka 1994. Januari 1962, Tanganyika ikiwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akapita Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana, akapanda ndege ndogo na mwenzake Joe Matthews, na mahali alipotua ni Mbeya. Mbeya yetu. Aliingia hotelini akakuta weusi na weupe wamekaa pamoja barazani wanazungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona mahali pa umma maishani mwake. Akaja mtu mweusi kumuuliza mpokea wageni, mama wa kizungu, kama bwana Mwakangale alikuwa amefika kuwaulizia wageni hawa. Yule mama akakiri kwamba alifika, ila alisahau kuwaambia. Yule mtu akamtaka, kwa adabu lakini bila kusitasita, awe mwangalifu, maana hawa ni wageni wetu. Mandela anaandika kwamba hapo ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani.

Nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba. Mwakangale! Kila Agosti mama alikuwa anapeleka ndizi Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Jina lile tulilitaja maelfu ya mara kama jina la mahali, mahali pa kuona ng’ombe wakubwa na matrekta, na kumbe lilikuwa la mbunge wa TANU aliyekuja kuwapokea. Na kutoka Mbeya Mandela alikwenda Dar es Salaam kumwona Nyerere, akashangaa kumkuta kiongozi wa nchi anaendesha mwenyewe gari dogo. Yaani yule wa ukutani kwa Sarafina na yule wa ukutani kwetu walikuwa wameonana, na mmoja alikuwa amepita barabara ya kwetu kwanza.

Sasa mimi ni mwalimu wa historia, huku Mafinga kwenye misonobari na baridi kama ya Uyole. Nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na wanafunzi wangu wanafaulu. Ila dakika tano za mwanzo ni za maswali, kwa lugha yoyote mtoto aliyo nayo, na nimeshaulizwa kwa Kihehe na kwa Kibena, mwenzake akamtafsiria. Ubao wa shingoni sijawahi kuushika. Tarehe 16 Juni, kabla ya ngonjera na soda, tunasoma habari za Hector Pieterson, na ninawaambia kwamba watoto kama wale, walipokimbia, wengi walipokelewa hapa kwetu, wakajengewa shule kule Mazimbu, Morogoro.

Desemba nilikwenda Uyole. Mama haendi tena barabarani, magoti yamekataa. Sarafina ninayo kwenye simu, nikamwekea, tumekaa karibu na jiko la mkaa, blanketi moja miguuni. Siku hizi nakifahamu Kiingereza cha wale watoto, na nimegundua kwamba yule kijana wa kipaza sauti alikuwa anatunga nusu ya maneno. Nilitaka nimtafsirie mama upya, kwa usahihi. Akaniambia, “Acha, naielewa.” Tulipofika mwisho akanigusa mkono.

“Rudisha pale mtoto anapokwenda kwa mama yake.”

Nikarudisha.